Ipsum ya 1998: ikilala siku mbili betri kwisha. Ni altaneta (mtambo wa kuchaji betri) au kuna mwizi wa umeme?

#1 Ipsum_ya_Nyumbani
Wakuu habari. Gari ni Ipsum SXM10 ya 1998, injini 3S-FE, gia oto. Ni gari ya familia: kuna wiki inatembea kila siku, kuna wiki inakaa tu.

Ikilala usiku mmoja inawaka vizuri. Ikilala miwili stata inavuta kwa shida. Mitatu ni tiki-tiki-tiki mpaka nibusti. Betri ni saizi ya NS60, ya tatu ndani ya miezi 18. Altaneta imebadilishwa mara mbili, zote mtumba. Usiku nikiwasha taa kubwa na feni, ile taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi inawaka kwa mbali sana, mchana huioni. Maltimita ya bei rahisi ninayo: gari ikiunguruma betri inasoma 13.6, asubuhi kabla ya kuwasha 12.1.

Fundi wa kwanza kasema altaneta. Wa pili kasema "waya". Waya upi, hajui. Nianzie wapi?

#2 FundiWaya_Ilala
Usinunue kitu chochote kabla ya kupima. Hamisha waya mwekundu wa maltimita uingie tundu la 10A. Zima kila kitu, toa ufunguo. Mlango wa dereva uache wazi lakini kile kitufe cha taa kwenye fremu ya mlango kibane kikae ndani, ili gari ione mlango umefungwa. Legeza temino ya hasi kwa spana namba 10, itoe, kisha maltimita ikae katikati: ncha moja kwenye temino uliyoitoa, nyingine kwenye nguzo ya betri. Subiri dakika 30, soma.

Gari nzima haitakiwi kuvuka 0.05A. Ukiona zaidi, anza kuchomoa fyuzi moja moja, ya ndani chini ya dashibodi na ya kwenye boneti. Namba ikishuka, umempata. Onyo moja: maltimita ikiwa hapo USIPIGE stata na usifungue swichi, utaunguza fyuzi ya maltimita halafu uanze kusema inasoma sifuri.

#3 Bodaboda_Mstaafu
Ushauri wangu mfupi: uza nunua IST. 😂

#4 Ngosha_Mwz
#3 IST zenyewe sasa zina umri wa kuoa. Tuendelee.

#5 Dada_Fyuzi
#2 umesema vizuri, ila nirekebishe mawili. Dakika 30 ni za magari ya kisasa yenye kompyuta kumi zinazosubiriana kulala. Ipsum ya 1998 dakika 10 zinatosha, labda iwe na alamu ya mtaani. La pili ndilo kubwa: daiodi ya altaneta (kile kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ikivuja, utachomoa fyuzi zote ndogo na namba haitashuka. Waya mnene wa altaneta haupiti kwenye fyuzi ndogo, unapita kwenye ile kubwa iliyoandikwa ALT 100A, na hiyo imefungwa kwa nati, haichomoki kwa vidole.

Fanya hivi: toa temino ya hasi kabisa, fungua nati ya waya mnene nyuma ya altaneta (nguzo B), ufunge ule waya kwa tepu usiguse bodi, rudisha maltimita, soma tena. Namba ikishuka hapo, altaneta inarudisha umeme usiku. Na hiyo ndiyo hatari ya mtumba: umeitoa kwenye gari lililokaa yadi, makaa (brashi za ndani) yamebaki milimita chache na daiodi hujui imepita wapi.

Kipimo cha pili bila kufungua kitu: washa gari, taa kubwa ziwake, maltimita iweke kwenye volti za AC (zile zenye alama ya wimbi), gusa nguzo za betri. Altaneta nzima inasoma chini ya 0.1. Ikifika 0.5, daiodi imekufa, usibishane nayo.

#6 Kutu_Kijani (Mombasa)
Hodi. Nyote mwakimbilia altaneta na hamjaliangalia jambo la kwanza kwa gari la pwani: ethi. Gari la miaka hii, waya wa hasi kutoka betri kwenda bodi na gea boksi umeoza ndani ya plastiki. Nje waonekana mzima. Kata plastiki sentimita tano karibu na temino. Ukiona nyuzi nyeusi au unga wa kijani, huo waya ni wa kutupa, msasa hautausaidia.

Kipimo chake hakitaki kufungua kitu. Maltimita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye nguzo yenyewe ya hasi (si temino, nguzo), nyingine kwenye chuma safi cha injini. Mwenzako apige stata. Ikizidi 0.2, ethi mbovu. Rudia nguzo ya hasi na bodi. Kisha upande wa chanya: nguzo ya chanya na ile nati nene ya stata, isizidi 0.5.

#7 Mzee_wa_Asidi
Na mimi naitetea betri. 12.1 asubuhi baada ya usiku mmoja si betri iliyojaa. Betri iliyopumzika: 12.6 na kitu imejaa, 12.4 robo tatu, 12.2 nusu, 12.0 robo, 11.8 hamna kitu. Betri ya risasi na asidi ikikaa chini ya nusu siku kadhaa, salfeti inaganda kwenye bamba. Ukifanya hivyo mara nne tano, NS60 ya Ah (ampia-saa) 45 inakuwa ya Ah 25 kwa kazi, ingawa ukiichaji inasoma 12.6 safi. Kwa hiyo betri tatu kufa inaweza kuwa matokeo, wala si chanzo.

Kama ina vifuniko, nunua haidromita (kipima uzito wa asidi), pima kila chumba. 1.265 hadi 1.280 ni nzuri. Vyumba vitano vikiwa sawa na kimoja kiko 1.150, hicho kimoja kimekufa na betri yote imekwenda nacho. Na ikipungua ongeza maji ya betri tu, usimwruhusu mtu aongeze asidi "ili iamke".

Swali: temino zinabana? NS60 zipo za nguzo nyembamba na nene. Ukichukua ya nyembamba kwenye temino za nguzo nene, mtaani wanakupigia msumari pembeni ili ibane.

#8 Ipsum_ya_Nyumbani
#7 mkuu umeona gari yangu wapi? Msumari upo. Upande wa chanya.

#9 Bodaboda_Mstaafu
😂😂😂 Mganga wa asidi.

#10 Mzee_wa_Asidi
Toa huo msumari leo. Msumari unagusa mahali pawili tatu tu, temino inapata moto, unga mweupe unaota. Weka kikombe chake cha risasi kinachovalishwa kwenye nguzo, maduka ya betri wanavyo. Au badilisha temino.

#11 Kijana_wa_Gereji
Mnajichosha. Njia rahisi: gari ikiwa inaunguruma toa temino ya betri. Ikizima, altaneta mbovu. Ikiendelea, altaneta nzima, tafuta kwingine.

#12 Dada_Fyuzi
#11 hapana, hapana, hapana. Betri ndiyo inayomeza mawimbi ya altaneta. Ukiitoa ghafla altaneta ikiwa inachaji, volti zinaruka juu mara kadhaa ya 14 kwa sehemu ya sekunde, na kinachopokea ni IC ya altaneta (kidhibiti volti), kompyuta ya injini na redio. Gari ya kabureta ya mwaka 47 ilikuwa inavumilia. 3S-FE ina kompyuta. Isitoshe kipimo chenyewe kinadanganya: altaneta yenye daiodi moja mbovu itaendelea kuunguruma vizuri tu bila betri.

#13 Kijana_wa_Gereji
Gereji zote wanafanya hivyo.

#14 Ngosha_Mwz
Ndiyo maana gereji zote zina kona ya kompyuta zilizoungua.

#15 Pajero_na_Noah
Samahani naingilia uzi. Noah yangu ya SR40 kioo cha abiria kinashuka hakipandi, ni umeme pia?

#16 FundiWaya_Ilala
#15 fungua uzi wako mkuu. Ila kwa haraka: kikishuka na hakipandi, mota ni nzima. Kagua swichi kuu ya dereva, vile vishaba ndani vimeungua, na ile mpira ya waya kati ya mlango na bodi.

Tukirudi: hiyo mpira hata Ipsum inayo, mlango wa nyuma. Waya za wipa, taa ya namba na kitasa zinakunjwa kila ukifungua buti. Miaka ishirini na zaidi plastiki imekuwa ngumu kama makaroni mabichi, inapasuka, waya inagusa bodi. Vuta mpira utazame.

#17 Mpiga_Hesabu
Kagua pia swichi ya breki. Kile kidude cha mpira kwenye pedali kinachosukuma swichi kikimeguka, taa za breki zinabaki zinawaka. Globu mbili za wati 21 ni wati 42, sawa na 3.5A. Saa kumi ni Ah 35, asubuhi huna betri.

#18 Dada_Fyuzi
#17 hesabu sahihi ila haimhusu. Kasema usiku mmoja inawaka. 3.5A isingemwachia hata huo mmoja. Mwizi wake ni mdogo, anakula taratibu. Tusubiri namba.

#19 Ipsum_ya_Nyumbani
Nimepima Jumamosi. Nimefuata #2 na #5.

Jumla baada ya dakika 15: 0.41A.

#20 Mpiga_Hesabu
0.41! Globu ya wati 5 kwa volti 12 ni 0.42A. Hiyo ni taa ya buti au ya kasha la dashibodi, nimemaliza kesi. Weka simu ndani ya buti irekodi video, funga, utaona mwanga.

#21 Ipsum_ya_Nyumbani
#20 sikuwa nimemaliza kuandika mkuu.
Nikichomoa fyuzi ya DOME inashuka hadi 0.27. Fyuzi nyingine zote za ndani, hakuna badiliko. Nikitoa waya wa B kwenye altaneta: 0.19. Hiyo 0.19 haishuki kwa chochote. Video ya buti nimepiga, giza tupu.

AC ya altaneta ni 0.06. Kutoka nguzo ya hasi hadi injini wakati wa stata: 0.48. Gari ikiwa imewashwa, taa kubwa na feni: betri 13.6. Nguzo B hadi ganda la altaneta 14.3. Nguzo ya chanya ya betri hadi ganda la altaneta 14.05.

#22 Kutu_Kijani (Mombasa)
0.48! Nilisema nini. 😎

#23 Mpiga_Hesabu
Naondoa kesi yangu. 0.14 ya DOME si globu yoyote, ni kifaa cha elektroniki. Lakini tufanye hesabu: 0.41 mara saa 48 ni karibu Ah 20. Betri ya Ah 45 iliyojaa ingebaki na 25, ingewasha. Yako haijai, kwa sababu 13.6 ni chaji ya unyonge. Ikianza na Ah 36, baada ya siku mbili una 16. Tatu, sita. Dalili zote zimekaa hapo hapo. Kwa hiyo wezi ni wawili: mmoja anakula usiku, mwingine anazuia kujaza mchana.

#24 FundiWaya_Ilala
Wezi wanne ukihesabu vizuri. DOME 0.14, altaneta 0.08, hiyo 0.19 isiyo na fyuzi, na ethi.

DOME ndiyo inalisha taa za ndani, saa na kumbukumbu ya redio. Redio gani iko humo? Kama ni ya Japani yenye kile kikopo cha kupanua stesheni (redio zao za zamani FM ni 76 hadi 90, bila ekspanda hupati za kwetu), angalia ekspanda imeungwa wapi. Ikiungwa waya wa njano inakesha. Inatakiwa mwekundu, unaokufa ukitoa ufunguo. Wafunga redio wengi wanachukua waya wa kwanza wenye moto waliouona.

0.19 isiyopita fyuzi ni kitu kilichoungwa moja kwa moja betri au kwenye swichi ya ufunguo. Una alamu?

#25 Ipsum_ya_Nyumbani
Ninayo, imefungwa zamani. Redio ni ya Japani na ekspanda ipo, imeandikwa kwa kalamu "FM".

#26 Ngosha_Mwz
Alamu yenyewe ikiwa nzima inakula kidogo tu, 0.02 hivi. Lakini king'ora chenye betri ndani, hiyo betri ikifa, king'ora kinajaribu kuichaji maisha yake yote. Chomoa soketi ya king'ora kwanza kabla hujang'oa alamu nzima. Kikiwa na kifunguo pembeni kizime kwa kifunguo, la sivyo kitakuamshia mtaa.

#27 Dada_Fyuzi
Kuhusu 0.08 ya altaneta: umepima injini ikiwa baridi, sivyo? Daiodi inayovuja, uvujaji unapanda na joto. Ukizima gari baada ya safari, saa ya kwanza inaweza kuwa inakula mara mbili ya hiyo. Altaneta nzima uvujaji wake ni miliampia chache tu. Bado naishuku.

#28 Mzee_wa_Asidi
Lakini AC yake ni 0.06, wewe mwenyewe #5 umesema chini ya 0.1 ni nzima.

#29 Dada_Fyuzi
Nilisema inasoma hivyo daiodi zikifanya kazi. Daiodi inaweza kupitisha vizuri mbele na bado ikavuja kidogo kurudi nyuma. Kipimo cha AC kinakamata iliyokufa, inayovuja kidogo inakipita.

#30 Fundi_Unguja
Hizo volti tatu za #21 ndizo tamu kuliko zote, na mmezipita mbio. Waya mnene wa chanya unapoteza 14.3 kutoa 14.05, yaani 0.25. Ethi inapoteza 14.05 kutoa 13.6, yaani 0.45. Soketi ya altaneta ya Toyota ina waya tatu: S, IG na L. S ndiyo inayokwenda kutazama chanya ya betri na kuiambia IC iongeze. Kwa hiyo upotevu wa upande wa chanya IC inauona na kuufidia. Upotevu wa ethi haiuoni kamwe, maana inapima kwa kulinganisha na ganda lake yenyewe. IC yake imeshika 14.05 pale S, inaamini kazi imekwisha, kumbe betri inapata 13.6. Altaneta haina kosa. Angebadilisha ya tatu na ya nne angepata 13.6 ile ile.

#31 Kijana_wa_Gereji
Sasa taa nyekundu kuwaka kwa mbali ni ya nini kama altaneta haina kosa?

#32 Fundi_Unguja
Swichi ya ufunguo. Taa ya betri inapata moto kupitia swichi na fyuzi ya GAUGE. Vishaba vya swichi vikiliwa, ukiwasha feni na taa upande ule unashuka volti, huku upande wa L (waya wa altaneta unaokwenda kwenye taa hiyo) uko juu. Tofauti ya volti mbili tatu inatosha globu kung'aa kwa mbali. Pima volti kwenye fyuzi ya GAUGE gari ikiunguruma na mizigo yote, linganisha na betri.

#33 Dada_Fyuzi
Hiyo ni ya altaneta za zamani zenye daiodi tatu ndogo. Altaneta ya Denso yenye IC inaiwasha taa kwa transista ya ndani. Kung'aa kwa mbali kwenye hizo ni IC au daiodi, na hapo tunarudi kwenye 0.08.

#34 Fundi_Unguja
Basi apime GAUGE, tusigombane kwa mdomo.

#35 Kutu_Kijani (Mombasa)
Kabla ya GAUGE atengeneze ethi, asiwapime juu ya kutu. Waya mpya wa milimita za mraba 25, mmoja betri hadi bodi, mmoja betri hadi gea boksi, na wa tatu injini hadi bodi hata kama kiwandani hawakuuweka. Kila mahali pa boliti kwangua rangi mpaka chuma king'ae, kaza, kisha ndipo upake grisi juu. Grisi kwanza kisha boliti ni kosa. Waya wa mashine ya kuchomelea wafaa, una nyuzi nyingi laini, bora vichwa vyake vibanwe kwa koleo la kubania.

#36 FundiWaya_Ilala
Kubana na kisha kuchomelea risasi ni bora zaidi.

#37 Kutu_Kijani (Mombasa)
Risasi yapanda ndani ya nyuzi, waya wakauka, wakatika pale pale kwa mtetemo. Bana tu, valisha mpira wa kusinyaa.

#38 Ngosha_Mwz
Hii ya risasi ina uzi wake wa kurasa saba, msitufungulie.

#39 Kijana_wa_Gereji
Kwa nini asiweke tu N70? Betri kubwa, analala wiki.

#40 Mzee_wa_Asidi
Kisima kikubwa kwa bomba lile lile lililoziba. Chaji ya 13.6 haitaijaza NS60, itaijaza N70? Na itakaa je kwenye trei ya NS60, utaifunga kamba?

#41 Ipsum_ya_Nyumbani
Mrejesho. Ethi tatu nimefunga kama #35. Wa zamani nimeukata, ndani mweusi mpaka katikati. Kikombe cha risasi kimekaa mahali pa msumari. King'ora nimechomoa: 0.19 imekuwa 0.03. Stata ethi sasa 0.09. Betri gari ikiunguruma na mizigo 14.0. Nimeilaza siku tatu, imewaka, ila kwa uzito.

Taa nyekundu bado inang'aa kwa mbali usiku. GAUGE inasoma 13.2, betri 14.0.

#42 Fundi_Unguja
0.8 imepotelea kati ya betri na GAUGE. Swichi ya ufunguo, au soketi yake nyuma imeyeyuka. Toa kasha la usukani, angalia kama plastiki imekuwa kahawia. Na punguza kifurushi cha funguo, kilo nzima inaning'inia pale.

#43 Dada_Fyuzi
Au fyuzi ya GAUGE yenyewe imelegea kwenye tundu. Au hiyo DOME na redio ziligawana waya na kitu. 0.25 iliyobaki bado ni mara tano ya inayokubalika, na altaneta sijaisamehe.

#44 Mzee_wa_Asidi
Uzito wa stata ni betri. Ilishaumia kabla hujatengeneza. Ichaji polepole kwa 4A usiku kucha halafu haidromita.

#45 Fundi_Unguja
Au shaba za ndani ya stata. Stata za Denso hizo huliwa upande mmoja. Tiki moja nzito na taa hazififii ni shaba. Tiki nyingi na taa zinafifia ni betri.

#46 FundiWaya_Ilala
Kabla ya yote, piga picha nyuma ya redio. Nataka kuona ekspanda imekula njano au nyekundu.

#47 Ipsum_ya_Nyumbani
Kesho mkuu. Saa hizi giza, na simu yenye tochi imebaki asilimia 3, nayo nahisi ina ekspanda.